Dunia ikiisha, Kilwa atabaki nani?

Leo naiweka siasa pembeni kidogo (ipo, haikimbii) nizungumzie katuni. Najua wapo watakaosema mwandishi mzima kakosa cha kuandika. Subirini kwanza.

Kuna aina ya hadithi za michoro ambayo wenzetu wameifanyia kazi miaka mingi: dunia ya binadamu imeanguka, miji imebaki magofu, na wanaobeba hadithi ni wanyama. Mwaka 1972 Mmarekani Jack Kirby alianza kuchora Kamandi, kijana anayezunguka katika Marekani iliyokufa, ambako chuimilia na sokwe wanazungumza, wana majeshi, na binadamu ndiye anayewindwa. Ilitoka mpaka 1978. Art Spiegelman naye alitumia panya na paka kueleza mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler, na kitabu chake Maus kikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Kwa hiyo ile hoja ya "hayo mambo ya watoto" tuitupe kapuni.

Sisi je? Tulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, Sani ikatupa Ndumilakuwili na Lodilofa, James Gayo akatupa Kingo. Nawapenda wote, lakini hao ni watu, na shida zao ni fedha, mapenzi na ujanja wa mjini. Wanyama tumewaachia vitabu vya shule ya msingi, sungura anamdanganya fisi, hadithi inaishia hapo. Na hii ni nchi ambayo Fortunatus Kawegere aliitafsiria Shamba la Wanyama tangu 1967! Hata Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, wanyama wake wa rangi walipoingia kwenye televisheni za Ulaya mwaka 2010 kupitia Tinga Tinga Tales, kazi ilifanyika Nairobi, na ilikuwa ya watoto wadogo.

Mimi nasema hadithi ya namna hii ina makao yake tayari, nayo ni pwani ya Kilwa na Lindi. Si kwa sababu ya magofu peke yake, ingawa magofu yapo ya kumwaga. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lina vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la kuogea la pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331 akausifia mji. Mwaka 1505 Wareno wakaja na mizinga. Leo mchoraji hahitaji kubuni mji uliokufa, apande mashua tu kutoka Masoko.

Lakini kinachonikera hasa ni hiki. Wazungu wanapochora mwisho wa dunia wanabuni bomu au ugonjwa. Huku kwetu mwisho wa dunia ulishatokea, una tarehe! Julai 1905 watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi waling'oa pamba ya Mjerumani, na vita vya Maji Maji vikaanza. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala mpaka njaa imalize kazi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa aliyafikisha kati ya 250,000 na 300,000. Halafu nini kilifuata? John Iliffe ameeleza katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979 jinsi pori na wanyama walivyoingia palipokuwa mashamba. Miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza ikawahamisha watu wa Liwale kwa sababu ya malale, na ardhi yao ikamezwa na pori la akiba la Selous. Mtalii anayeliona pori lile anadhani liko hivyo tangu Adamu. Kumbe sehemu yake ni viwanja vya watu.

Sasa hapo ndipo hadithi inapokuwa ngumu, na ndipo ningependa mchoraji asikimbie. Nani awe shujaa? Mchoraji wa mbali atamchora simba, maana kwake simba ni mfalme. Mpeleke simba huyo Lindi uone! Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliotoka mwaka 2005, ulihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba tangu 1990, na mikoa ya kusini ilikuwa kati ya iliyoumia zaidi. Sababu mojawapo inatisha kwa udogo wake: nguruwe pori anakula mahindi, mkulima analala shambani kwenye dungu kumlinda, na simba anayemfuata nguruwe anamkuta mtu. Hebu fikirieni, hadithi nzima iko hapo, nguruwe, simba na mtu, na hakuna malaika hata mmoja. Mama aliyempoteza mwanawe kwenye dungu hawezi kununua kitabu ambacho simba ni mkombozi, na mimi simlaumu. Kama ni simba, basi awe simba mwenye deni.

Mimi ningemchagua silikanti. Samaki huyu wanasayansi walidhani alikufa pamoja na dinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 akanaswa kwenye nyavu za wavuvi wa Kilwa. Mzee aliyenusurika mwisho wa dunia halisi, yuko chini ya maji hapo hapo, na hatujamchora! Na dinosaria wenyewe si walikuwa wa Lindi? Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, wapagazi wakabeba mifupa kichwani mpaka bandari ya Lindi, miaka michache tu baada ya ile njaa. Yule mkubwa amesimama Berlin, urefu zaidi ya mita 13. Hata mifupa ya dunia yetu ya kwanza inatazamwa kwa tiketi ya ugenini.

Wengine wataniuliza soko liko wapi. Sijui kama Kirby alisubiri soko. Kurasa nane, wino mweusi, zisambazwe kwa simu, inatosha kuanzia. Ila kwa Kiswahili tafadhali, na nguruwe aongee kama mtu wa Kivinje, si kama mtangazaji wa redio. Mchoraji uliyeko Masoko, Kivinje, Liwale au Lindi mjini, ukimaliza ukurasa wa kwanza nitumie, nitaubandika hapa hapa bila kukata hata mstari.