Kijana, pima matundu kabla ya kununua janti



Mwezi huu nasema na vijana juu ya magari. Lakini wamama msifunge gazeti, kwa maana ninyi ndio mnaokaa nyuma ndani ya zile Hiace.

Kijana mmoja wa kwaya hapa Minova ana Hiace ya zamani. Alitaka kuiinua ipate kupanda njia ya Numbi, kupeleka chakula machimboni na kurudisha watu siku ya soko. Akapigia simu muuzaji wa janti za okazioni. Akaulizwa, “Matundu ngapi?” Akajibu, “Matano.” Janti nne zikaja, pesa ikaenda. Kumbe ni za Land Cruiser! Usiku akagonga mlangoni kwangu: “Baba Pasta, iko matundu tano sawa ile yetu, mbona inakataa kuingia?” Fundi alikuwa amekwisha kumwambia kwamba atakata sahani za chuma, alehemu buloni juu yake, azifunge katikati. Na Alhamisi wamama wa kanisa walikuwa wamelipa kwenda Kalehe na gari hilo.

Kijana, idadi ya matundu ni nusu ya habari tu. Nusu ya pili ni upana wa duara linalopita katikati ya matundu yote. Hiace nyingi za zamani zenye matundu 5 zina duara la milimita 114.3. Land Cruiser 78 na 79, tangu 1999, zina matundu 5 pia, lakini duara ni 150. Land Cruiser za kabla ya hapo zina matundu 6 kwa 139.7, na Hiace ya umbo jipya iliyotoka 2004 ni hivyo hivyo. Hata kati ya Hiace za zamani zipo zenye 6. Kwa hiyo usiniamini mimi, pima yako.

Kupima hakuhitaji shule kubwa. Kwa matundu 6, anza ukingo wa nje wa tundu moja, fika ukingo wa ndani wa lile linaloelekeana nalo. Kwa matundu 5 hakuna linaloelekeana na lingine, ndiyo sababu watu wanakosea. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata 67, duara ni 114. Ukipata 66, angalia sana! Hiyo ni 112, kipimo cha Mercedes nyingi. Ukikaza kwa nguvu inaweza kuingia, na wengi wanafurahi hapo. Lakini buloni zimepinda, na kila jiwe la njiani linazichosha.

Tazama pia tundu kubwa la katikati. Janti ya Pajero yenye matundu 6 ina 139.7 sawasawa na Toyota, lakini tundu lake la katikati ni kama 67, na Toyota za namna hiyo zinataka 106. Haitakaa. Nati nazo ziangaliwe: za janti ya chuma zina ncha ya mviringo inayochongoka, na janti nyingi za aluminiamu za Toyota zinataka nati bapa yenye washa. Ukizichanganya, zitalegea zenyewe.

Halafu uzito. Pine ya gari dogo iliyoandikwa 91 inabeba kilo 615. Ya Hiace iliyoandikwa 106 inabeba 950. Nne za kwanza ni kilo 2,460. Ondoa gari lenyewe, tuseme 1,600, unabaki na 860: watu 14 wa kilo 60, bila hata gunia moja la mihogo. Nani hapa anapakia 14? Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi, na tulizika watu wetu. Barabarani tunafanya hesabu ile ile.

Nami siko msafi. Mwaka mmoja nilipanda gari nikaona gurudumu la nyuma lina nati 4 mahali pa 5. Nilinyamaza, nisimwaibishe shofere mbele ya watu. Kabla ya Bweremana gurudumu likatupita, likaingia katika shamba la maharagi. Hakufa mtu. Tangu siku hiyo ninasoma Torati 22:8 kwa namna nyingine. Mwenye nyumba aliagizwa kujenga ukingo juu ya dari, maana anayeanguka, damu yake iko juu ya nyumba hiyo. Gari la abiria nalo ni dari.

Zile sahani za kulehemu nilizikataa, na nikawaambia wamama sababu. Kijana alikasirika, wiki mbili hakuja mazoezi ya kwaya. Wamama walienda Kalehe na gari lingine, kwa bei kubwa zaidi. Baadaye janti zilibadilishwa kwa hasara, akapata za 114.3, na tulizipima pamoja uani kwangu kwa rula ya mtoto wa shule.

Nati zikazwe kwa kuruka, moja huku na nyingine upande wa pili, si kwa kuzunguka. Ukifika Goma, ni kama kilometa 50, shuka ukaze tena kabla ya kuita abiria.