Usiitupe Dainamo ya Mzee

Leo naomba tuweke kompyuta kando kidogo, tuzungumze juu ya taa ya baiskeli. Msicheke.

Mzee wangu ana Black Mamba aliyoinunua kabla sijazaliwa. Ina dainamo, ile chupa inayosugua tairi. Taa ilipoanza kuzimika-zimika, fundi akamwambia dainamo imekufa, anunue tochi ya kuchaji. Akanunua. Usiku mmoja akitoka sokoni chaji ikaisha njiani, naye akaingia mtaroni, kifundo cha mkono kikateguka. Mama akanipigia simu: "Na wewe ulisomea nini huko?"

Nikaenda nyumbani, nikaipima. Dainamo ilikuwa nzima! Kosa lilikuwa njia ya kurudi. Baiskeli nyingi zina waya mmoja tu wa kwenda kwenye taa. Umeme hurudi kupitia fremu. Fremu ikishika kutu, au ikipakwa rangi mpya, umeme haurudi. Watu wanabadilisha balbu kila mwezi, kumbe mgonjwa ni kutu. Sisi wa programu tunaujua ugonjwa huu: kulaumu kile kinachoonekana.

Dawa ni waya wa pili, kutoka mwili wa dainamo hadi mwili wa taa. Kwangura rangi mpaka chuma king'ae, kisha kaza skrubu. Basi.

Jambo la pili ni balbu. Dainamo ya kawaida ni volti 6, wati 3: wati 2.4 za taa ya mbele na 0.6 za nyuma. Balbu ya nyuma ikiungua, umeme wake wote hukimbilia ya mbele, na ukiteremka mlima kwa kasi, nayo huungua. Kwa hiyo niliweka LED ya wati 3. Umeme wa dainamo hugeuka-geuka mwelekeo, hivyo unahitaji diodi nne za kuunyoosha. Nilikosea mara ya kwanza: waya wa LED uligusa ganda la taa, nusu ya umeme ikapotelea kwenye fremu, mwanga ukawa hafifu wa kupepesa. Baada ya diodi, usiruhusu waya wowote uguse chuma cha baiskeli.

Najua mtaniambia dainamo inachosha miguu, huteleza tairi likilowa, na ukisimama taa inazima. Ni kweli. La kuzima linapunguzwa kwa kapasita kubwa ya faradi 1, taa ibaki ikimulika kidogo ukisimama. Yale mengine ni ya kuvumilia. Lakini huko kwetu stima hupotea siku mbili mfululizo, na tochi isiyo na chaji ni chuma tu. Dainamo inadai miguu peke yake, na mwenye baiskeli anayo.

Ujerumani, nchi yenye stima kila kona, ililazimisha dainamo kwa baiskeli nyingi hadi 2013. Sisi tunaing'oa tukidhani ni ushamba.

Mzee sasa anarudi usiku na taa mbele na nyuma. Tochi amempa mama, ya kwendea zizini. Kama kuna dainamo inaning'inia kwenye baiskeli ya babu yako, ipime kwanza. Halafu uniambie ulichokuta.