Friji ikigandisha nyanya, usimkimbilie fundi

BARIDI ya Julai hapa Kitengela si ya kufanyiwa mzaha. Upepo huvuma usiku kucha kutoka mbuga za Athi-Kapiti, na asubuhi maji ya mfereji huuma vidole. Asubuhi moja ya aina hiyo jirani yangu alibisha mlango akiwa na sufuria ya nyanya ngumu kama mawe.

"Jirani, hebu njoo uitazame friji yangu," akaniambia. "Nyanya zimekuwa mawe, mayai yamepasuka, maziwa ni barafu tupu. Fundi anasema gesi imezidi na anataka shilingi 4,000."

Nilipoifungua friji hiyo, nyanya hazikunishtua. Kilichonishtua ni kiboksi kidogo kilichokuwa kimeshikana na barafu kwenye ukuta wa nyuma. Ilikuwa insulini ya mama yake, ambaye anaugua kisukari na alikuwa amekuja kutoka Kajiado mjini kuwaona wajukuu. Kwa siku tatu sukari ya mama huyo ilikuwa imekataa kushuka, na kila mtu nyumbani alikuwa akizilaumu chapati.

Msomaji mpenzi, insulini ambayo haijaanza kutumiwa huhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Ikiganda, hata mara moja tu, haifai tena. Inaweza kuyeyuka na kuonekana safi kama kawaida, kumbe nguvu zake zimekwisha, na huwezi kulijua hilo kwa kuitazama. Haina budi kutupwa na mgonjwa apate nyingine. Kwa hivyo friji inayozidisha baridi si jambo la mboga kuharibika tu.

Utajuaje kwamba yako inazidisha? Friji nzuri huwa na nyuzi 3 hadi 5 kwenye rafu ya kati. Tafuta kipimajoto cha friji. Kile cha kupimia homa hakitakusaidia, kwa maana nambari zake huanzia karibu nyuzi 35. Kitumbukize ndani ya gilasi ya maji, iweke gilasi kwenye rafu ya kati, kisha ukalale. Asubuhi kisome kabla watoto hawajaanza kufungua mlango. Kikionyesha chini ya nyuzi 2, kuna kasoro, na uchunguzi uanze.

Kwanza, tazama ile nobu ya kuzungusha. Katika friji nyingi nambari zake si nyuzi za joto: 1 ni baridi kidogo na 7 ni baridi kali. Wengi wetu huipandisha hadi 6 au 7 mwezi wa Januari, jua linapochoma, kisha tukasahau. Julai ikifika nyumba imepoa, lakini friji ingali inakimbia mbio za Januari. Irudishe hadi 2 au 3, nawe usubiri saa 24 kabla ya kuigusa tena. Ikiwa friji yako huonyesha nyuzi zenyewe kwenye mlango, mambo ni kinyume: nambari ndogo ndiyo baridi zaidi. Hiyo iweke kwenye 4. Hakikisha pia kwamba kitufe cha kugandisha haraka hakijaachwa kikiwaka.

Pili, angalia jinsi ulivyopanga vyakula. Mshahara ukitoka friji hujaa pomoni, lakini kufikia tarehe 20 hubaki nusu ya kitunguu na pakiti moja ya maziwa. Vitu vichache hivyo hupoa upesi mno. Ongeza chupa kadhaa za maji ili baridi itulie. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya chakula na ukuta wa nyuma, wala usizibe matundu ya hewa, kwani kilicho mbele ya tundu ndicho huganda kwanza.

Tatu, pima raba ya mlango. Funga mlango ukiwa umebana noti ya shilingi 50, kisha uivute. Ikitoka bila kukwama, hewa ya nje inaingia. Friji hutia bidii kupigana na joto hilo, barafu hujaa nyuma, na tokeni za stima huisha kabla ya wakati. Ioshe raba kwa maji vuguvugu yenye sabuni. Ikiwa imepasuka, ibadilishwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukifanya hayo yote na nyanya zingali zinaganda, basi huenda kifaa fulani kimeharibika. Isikilize kompresa iliyo nyuma. Katika friji ya kawaida huunguruma kwa muda, kisha hunyamaza. Ukiiweka nobu kwenye 1 na kompresa isinyamaze kwa saa nyingi, shuku themostati, au kile kibomba chake chembamba kinachopima baridi, ambacho huenda kimechomoka mahali pake. Friji za inveta ni tofauti. Kompresa yake huzunguka polepole karibu muda wote, na huo si ugonjwa.

Katika friji za milango miwili zisizojaza barafu, feni husukuma hewa ya friza hadi kwenye mboga kupitia kilango kidogo kiitwacho dampa. Kikikwama kikiwa wazi, baridi yote humwagika kwenye rafu. Hapo sasa mwite fundi.

Lakini fundi akikuambia gesi imezidi, muulize kwanza kama ameipima themostati. Mabomba ya gesi yamefungwa kabisa, na gesi haiongezeki yenyewe. Friji inayogandisha kila kitu kwa kawaida haijakosa nguvu, imekosa breki. Tena, friji nyingi mpya hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto. Usikubali ifunguliwe jikoni na mtu asiyeijua kazi hiyo, jiko likiwaka kando. Nawe usikwangue barafu kwa kisu, maana ukitoboa bomba umeiua friji. Chomoa plagi, acha mlango wazi, barafu iyeyuke yenyewe.

Kwa jirani yangu, nobu ilikuwa kwenye 7 tangu Januari. Tuliirudisha hadi 2 na kusogeza vyakula mbele. Kesho yake kipimajoto kilisoma nyuzi 4. Fundi hakulipwa hata senti moja, na sehemu ya zile shilingi 4,000 ilinunua insulini mpya. Sasa hukaa ndani ya kisanduku cha plastiki, rafu ya kati, upande wa mbele, na watoto wameonywa wasiisogeze.

Siku chache baadaye sukari ya mama ilianza kutulia. Chapati nazo ziliondolewa lawama, ingawa si zote.

Leo jioni, kabla ya kulala, fungua friji yako uitazame ile nambari. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.