Jua la Garsen Halihitaji Tokeni

Wasee, kuna ofa nimeikataa wiki hii na nataka niwaambie kwa nini. Jamaa mmoja anauza taa za LED za kukuzia mwani nyumbani. Alitaka nifanye video: chumba giza, chupa za maji ya kijani, taa ya pinki, halafu niseme "vijana wa Garsen, pesa ndiyo hii." Doo ilikuwa poa. Na mimi niliyeacha chuo katikati, doo naihitaji, sitawadanganya.

Lakini hebu tufikirie pamoja.

Mwani ninaousema si ule wa baharini. Ni ule mdogo sana, unaofanya mtungi wa maji ulioachwa nje ugeuke kijani. Unaujua. Mama amekutuma uusugue mara ngapi? Kwani huo mtungi ulikuwa na taa?

Taa za LED zinafanya kazi, hilo sibishi. Ile pinki ni nyekundu na buluu zimechanganywa, rangi ambazo mwani unazinyonya zaidi. Lakini jua la saa sita linatoa mwanga wa kama laksi 100,000. Balbu ya sebuleni ni mia kadhaa tu. Sasa unataka kununua tokeni ushindane na jua?

Na stima yenyewe, sehemu yake inatoka kwa mto wetu. Maji ya Tana yanazungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla hayajatufikia. Yaani mto wetu tunauziwa kama mwanga, tunauwasha ndani, na nje jua linachoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli. Hesabu gani hiyo?

Sisemi LED haina kazi kabisa. Chupa ya mbegu, ile unayoitunza ndani isiharibiwe na vumbi au mafuriko, taa ndogo inaifaa sana. Jua kali likiipiga mbegu changa moja kwa moja linaiunguza. Kwa hivyo mbegu ikae ndani chini ya taa, zao likae nje chini ya kivuli chepesi cha makuti. Hapo nakubali.

Kitu kingine ambacho muuzaji hakutaka nikiguse: si kila maji ya kijani ni chakula. Spirulina ni chakula kweli. Karibu asilimia 60 ya uzito wake ikikauka ni protini, na wanawake wa Kanembu kule Ziwa Chad wameivuna tangu zamani. Lakini kuna aina nyingine zenye sumu inayoharibu ini, na zinaweza kuingia kwenye chupa yako bila wewe kujua. Kama haijapimwa maabara, usimpe mtoto.

Ukitaka kuanza bila deni, chimba kidimbwi, weka samadi kidogo, acha jua ligeuze maji kijani, kisha fuga tilapia. Samaki anakula mwani, wewe unakula samaki. Najua, video yake haina pinki.

Lakini mtu akiuza mbuzi wake wanunue taa kwa sababu aliniona mimi kwa simu, nitamwangalia vipi? Garsen ni ndogo. Tutakutana tu sokoni.