Anayemnyima Mnunuzi Fleti Si Serikali

FHA, mamlaka ya nyumba ya serikali kuu ya Marekani iliyoundwa mwaka 1934, haikopeshi mtu hata senti. Kazi yake ni kuidhamini benki: mkopaji akishindwa kulipa, hasara inabebwa na FHA. Kwa dhamana hiyo benki hukubali kianzio cha asilimia 3.5 kwa mtu mwenye alama za mikopo 580 au zaidi, ndiyo maana wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza huikimbilia. Lakini anayetaka kondominiamu, yaani fleti yake ndani ya jengo la wengi, hukuta jengo zima nalo linapimwa. Hapo huzuka lawama iliyozoeleka miongoni mwa madalali na wateja wao: mtu ana kazi, hana deni bovu, kisha serikali inamwekea kauzibe kwa makosa ya majirani asiowajua.

Lawama hiyo inamwangukia asiyehusika. Mnunuzi wa fleti hanunui vyumba vyake tu. Ananunua pia fungu la paa, lifti, mabomba na madeni ya pamoja. Katika jengo la fleti 100 zenye ada ya dola 400 kwa mwezi, wamiliki 15 wakiacha kulipa, pengo ni dola 6,000 kila mwezi, na fundi wa lifti hapunguzi bei kwa sababu hiyo. Wanaolipa ndio wanaoliziba, akiwemo aliyehamia juzi akiwa amekwisha kukamuliwa na kianzio. Kwa hiyo kanuni zinataka fleti zenye malimbikizo ya zaidi ya siku 60 zisizidi asilimia 15, asilimia 10 ya bajeti ya mwaka iwekwe akiba ya matengenezo makubwa, na kwa kawaida nusu ya fleti zikaliwe na wenyewe. Kuyaita haya urasimu ni kumtaka mdhamini atie saini huku amefumba macho.

Champlain Towers South, jengo la ghorofa 12 huko Surfside, Florida, linaonyesha gharama ya kufumba macho. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilishataja uharibifu mkubwa wa zege. Wamiliki walivutana hadi Aprili 2021, walipopitisha mchango maalumu wa dola milioni 15. Hata fleti ndogo zilidaiwa dola 80,000 hivi. Juni 24 sehemu ya jengo iliporomoka usiku, watu 98 wakafa. Jengo lilikuwa na kasoro tangu lilipojengwa, hivyo si haki kuutwisha mfuko wa akiba lawama yote. Lakini mfuko uliojaa ungemlipa mkandarasi bila miaka ya mabishano, na sheria ya Florida wakati huo iliwaruhusu wamiliki kupiga kura ya kutoujaza.

Serikali nayo ina lake la kujibu. Mwaka 2010 FHA iliacha kuidhinisha fleti mojamoja, ikadai jengo zima liidhinishwe kwanza. Kufikia 2019, kati ya majengo zaidi ya 150,000, yenye idhini yalikuwa asilimia 6.5 tu. Walalamikaji huitumia takwimu hii kana kwamba yaliyobaki yote yalipimwa yakashindwa, ilhali idhini haitoki bila maombi, na kamati nyingi za wamiliki haziombi. Nyingine huona kukusanya hesabu na hati za bima ni usumbufu. Nyingine, ingawa hazisemi hadharani, hazimtaki jirani wa kianzio kidogo. Mnunuzi ananyimwa kwenye ukumbi wa mikutano wa jengo lenyewe, kisha anailaani Washington.

Oktoba 2019 kanuni zililegezwa. Idhini ya jengo sasa hudumu miaka 3, na fleti moja yaweza kuidhinishwa peke yake, mradi katika jengo la fleti 10 au zaidi mikopo ya FHA isizidi asilimia 10. Vitabu vya hesabu bado lazima vifunguliwe. Dalali anayemshauri mteja aachane na FHA achukue mkopo wa kawaida hamponyi na maswali hayo: tangu Januari 2022 Fannie Mae, inayonunua mikopo kutoka kwa wakopeshaji, nayo inakataa ile ya majengo yenye matengenezo makubwa yaliyoahirishwa.