Gari la Fahari na Barabara ya Umma

Katika miji mingi ya dunia si ajabu tena kumwona mtu akienda kazini, sokoni, au kumchukua mtoto shuleni kwa gari la mbio lililoundwa kukimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Gari hilo hutambaa nyuma ya basi, husimama kwenye taa, husogea hatua mbili, kisha husimama tena. Wapitao hugeuza shingo, vijana hupiga picha, na mwenye gari huridhika kwamba fedha yake imempa alichokitaka. Wako wasemao kuwa jambo hilo ni la mtu binafsi na halimhusu mwingine. Sisi hatuafikiani na rai hiyo, na leo tungependa kueleza sababu zetu, hasa kwa kuwa sisi ni watu wa visiwani, na kisiwa hakina ardhi ya kutupa.

Kwanza na tuitazame mashine yenyewe. Mwaka 2010 kiwanda cha Ferrari cha Italia kilitoa gari liitwalo 599 GTO, na idadi iliyoundwa ilikuwa 599 tu. Injini yake ni ya silinda 12 na ujazo wa lita 6. Nguvu zake ni za farasi 670. Kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa halikuhitaji hata sekunde nne, na mwendo wake wa juu ulipita kilomita 330. Kila kiungo cha gari la namna hiyo kimebuniwa kwa kazi moja, nayo ni kasi. Injini hutegemea upepo wa mwendo ili ipoe. Ikikwama katika foleni, joto huongezeka na feni huhangaika. Klachi iliyotengenezwa kwa mbio huchakaa upesi ikilazimishwa kuanza na kusimama mara mia katika safari moja. Tumbo la gari liko karibu mno na ardhi, hata tuta dogo la barabarani huwa ni tishio. Tena gari kubwa la silinda 12 linaweza kula zaidi ya lita 20 za petroli kwa kila kilomita 100 za mjini, ilhali gari dogo la kawaida hutosheka na theluthi ya kiasi hicho.

Ni haki pia kukiri kwamba mafundi wamejitahidi. Magari ya mbio ya siku hizi hubadili gia yenyewe kwa ulaini, na baadhi yana kifaa cha kuinua pua ya gari lipitapo juu ya tuta. Yako, kama Porsche 911, yenye sifa ya siku nyingi ya kustahimili matumizi ya kila siku. Kwa hiyo mwenye fedha akiuliza kama gari lake linaweza kumfikisha ofisini kila asubuhi, jibu ni kwamba linaweza, mradi awe tayari kulipia matengenezo, matairi na petroli. Hasara hiyo ni ya mfuko wake, nasi hatuna haja ya kumlilia.

Suala letu ni jingine. Gari ni la mtu mmoja, lakini barabara ni ya wote. Nguvu za farasi 670 haziwezi kutumika mjini pasipo kuhatarisha maisha ya watu wengine. Zisipotumika, ni mzigo tu katika foleni. Zikitumika, ni hatari. Basi ni nani mwenye haki ya kuamua lini zitumike, naye alipe nini, na akikosea aadhibiwe vipi? Visiwa vitatu vya mbali vimeyajibu maswali haya, kila kimoja kwa njia yake, nasi tunaona yapo mafunzo ndani yake.

Cha kwanza ni Singapore. Nchi hiyo yote, pamoja na mji wake, bandari zake na viwanda vyake, haifiki nusu ya eneo la Unguja, lakini inakaliwa na watu wapatao milioni 6. Barabara zake zimekwisha kuchukua kiasi cha asilimia 12 ya ardhi yote. Viongozi wake waliona mapema kwamba wakimwachia kila mwenye uwezo anunue gari apendavyo, nchi nzima itageuka kuwa uwanja wa kuegesha magari. Mwezi Juni 1975 walianza kutoza ada kwa magari yaliyoingia katikati ya mji nyakati za asubuhi, na gari lililobeba watu wanne au zaidi lilisamehewa. Mwaka 1987 walifungua reli ya mjini. Mwaka 1990 wakaweka utaratibu wa mnada: atakaye kusajili gari hana budi kwanza anunue cheti cha kumruhusu kuwa nalo kwa miaka 10, na idadi ya vyeti hupangwa na serikali. Mwezi Oktoba 2023 cheti hicho kwa magari makubwa kilifikia bei ya dola 150,001 za huko, kabla mnunuzi hajalipia hata tairi moja la gari lenyewe.

Juu ya hayo kuna ushuru wa usajili unaopanda kwa ngazi. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2023, sehemu ya thamani ya gari inayozidi dola 80,000 za huko hutozwa asilimia 320. Gari la mbio lenye thamani ya dola 400,000 hudaiwa kwa ushuru huo peke yake zaidi ya dola milioni 1. Na katika barabara zote za nchi hiyo hakuna mahali ambapo dereva anaruhusiwa kupita mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Hata hivyo Ferrari na Lamborghini zinaonekana Singapore kila siku. Wenye nazo wamelipa, na fedha waliyolipa imeingia katika hazina ya umma. Kwa upande wa hesabu, utaratibu huo una mantiki: achukuaye nafasi ya wengine, na awalipe wengine.

Lakini bei peke yake haitoshi, na Singapore yenyewe ni shahidi. Alfajiri ya tarehe 12 Mei 2012, Ferrari 599 GTO, gari lile lile tulilolieleza hapo juu, ilipita taa nyekundu kwa mwendo wa kutisha katika njia panda ya Rochor na Victoria, ikaigonga teksi iliyokuwa ikipita kwa haki yake. Watu watatu walifariki: dereva wa Ferrari, abiria wa teksi, na dereva wa teksi aliyekuwa akiitafuta riziki wakati wengine wamelala. Picha zilizonaswa na kamera ya teksi nyingine zilionekana na umma wote, na hasira za wananchi zilikuwa kubwa.

Tuitafakari ajali ile. Gari la aina ile haliwezi kuingia katika nchi ile bila kutozwa malipo makubwa. Lakini malipo hayo yalinunua nafasi ya kupita barabarani, wala hayakununua adabu ya aliyeshika usukani. Zaidi ya hayo, yako malipo yanayoweza kumjaza mtu kiburi, akadhani kuwa kwa kuwa amelipa zaidi, barabara imekuwa yake zaidi. Ushuru unaweza kupunguza idadi ya magari. Kuokoa roho ya mwenye teksi ni kazi ya sheria, nayo sheria hiyo sharti imuume tajiri kama inavyomuuma maskini.

Kisiwa cha pili ni Bermuda, katika bahari ya Atlantiki. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 53 tu, na kina matajiri wa kutosha. Wenyeji wa Bermuda waliyapiga marufuku magari ya binafsi tangu mwaka 1908, wakaishi kwa farasi, baiskeli na miguu hadi mwaka 1946. Walipoyaruhusu, hawakuyafungulia mlango wote. Kila nyumba imeruhusiwa gari moja tu, ukubwa wa gari umewekewa mpaka, na mwendo wa juu ni kilomita 35 kwa saa. Hapo mwenye fedha hawezi kununua ruhusa ya kuwapita wenzake. Singapore ilichagua bei. Bermuda ilichagua kiasi. Njia ya Bermuda ina taabu zake, na si kila nchi inaweza kuifuata, lakini imelinda jambo moja la thamani: mtoto, mzee na mwenye baiskeli wanajua kwamba lijalo mbele yao haliruhusiwi kuja kwa kasi ya risasi.

Cha tatu ni visiwa vya Åland, jimbo la Finland lenye utawala wake wa ndani. Finland tangu mwaka 1921 ina utaratibu wa kupima faini kwa kipato cha mkosaji. Mwezi Juni 2023 mfanyabiashara mmoja tajiri alikamatwa katika visiwa hivyo akienda kilomita 82 kwa saa mahali paliporuhusiwa 50. Alitozwa faini ya euro 121,000 na kunyang'anywa leseni kwa siku 10. Wako walioona ni kichekesho, lakini sisi tunaona ni uadilifu. Faini ya shilingi elfu kadhaa humlaza na njaa dereva wa daladala, ilhali kwa mwenye gari la mamilioni ni kama kiingilio cha mchezo. Adhabu isiyoumiza si adhabu. Sheria inayowatoza wawili hao kiasi kimoja huonekana sawa kwenye karatasi, lakini barabarani si sawa.

Tusije tukadhaniwa kwamba tunasema haya kwa husuda. Ni kweli kwamba katika Afrika Mashariki, miaka iliyofuata Uhuru, wananchi walibuni neno Wabenzi kwa ajili ya wakubwa waliopita katika magari ya Mercedes-Benz huku wakiwatimulia vumbi waliowachagua. Neno lile lilikuwa na uchungu ndani yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaweka miiko ya uongozi kuhusu hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Na ni hapa hapa Zanzibar, mwaka 1991, masharti hayo yalipolegezwa. Hatudai kwamba saa irudishwe nyuma. Mtu aliyechuma kwa halali ana haki ya kufurahia alichokichuma, na uzuri wa chombo kilichotengenezwa kwa ustadi hatuukani. Tunalosema ni kwamba haki hiyo inaishia pale inapoanza haki ya mwingine kuvuka njia akiwa salama.

Mji wetu nao una umbo lake. Mji Mkongwe ulijengwa kwa ajili ya mwenda kwa miguu, punda na mkokoteni, na njia zake nyingi hazimruhusu hata mwenye gari dogo kupita. Nje yake, barabara moja hiyo hiyo hubeba daladala, vespa, baiskeli, gari la ng'ombe, wanafunzi watokao chuoni na mwanamke aliyejitwika kapu. Katika barabara ya namna hiyo, kasi ya mmoja huwa ni hofu ya hamsini. Idadi ya watu wa Zanzibar kwa sensa ya mwaka 2022 ilikuwa 1,889,773, nayo inaongezeka, ardhi haiongezeki. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Singapore ilianza kutia maji mwaka 1975, kabla haijawa nchi tajiri kama ilivyo leo, na ndiyo maana iliweza kuchagua. Anayengoja mpaka foleni ifike mlangoni hubaki na njia moja tu, nayo ni kubomoa.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika serikalini. Kwanza, ushuru wa magari na upande kwa ngazi pamoja na thamani na ukubwa wa injini, na kinachopatikana kionekane kwa macho katika mabasi safi, vituo vyenye kivuli na njia za waendao kwa miguu. Singapore isingeweza kumwambia mwananchi wake aache gari kama haikuwa imempa basi na reli. Pili, faini ya mwendo wa kasi na ifikiriwe upya kwa mfano wa Finland, ili uzito wake uwe mmoja kwa mkubwa na mdogo. Tatu, askari wa usalama barabarani apewe nguvu ya kulisimamisha gari lolote bila kuogopa jina la aliyemo. Nne, na hili ni la watumishi wa umma wenyewe, magari yanayonunuliwa kwa fedha ya wananchi yawe ya kazi. Kiongozi apitaye kwa kasi na kishindo hawezi kumfunza kijana wa kitajiri kupunguza mwendo.

Na kwa mwenye gari la mbio aliye na nia ya kulitumia kila siku mjini, tunalo neno moja la nasaha. Hakuna atakayekunyang'anya mali yako. Kumbuka tu kwamba kwenye taa nyekundu, Ferrari na teksi zina cheo kimoja. Dereva wa teksi wa alfajiri ile ya mwezi Mei aliiamini taa, akapita kwa kuwa ilikuwa zamu yake kupita. Barabara ya umma imejengwa juu ya imani hiyo, na mwenye gari la kasi ana wajibu mkubwa kuliko wote wa kuitunza.