Madhambi ya Uwanjani Hayapimwi kwa Nia

Mwamuzi apulizapo kipenga cha penalti katika viwanja vya Kitui na Makueni, mashabiki humlalamikia: "Hakukusudia!" Dai hilo limezaliwa na lugha yetu. Rafu tumeiita "madhambi", na dhambi huambatana na nia. Kanuni ya 12 ya kandanda, mchezaji anapoangushwa, haiulizi nia, hupima hatari. Uzembe huadhibiwa kwa mkwaju tu. Kutojali usalama wa mwenzako, kwa kadi ya njano. Nguvu kupita kiasi, kwa nyekundu. Katika mechi za mashinani hakuna kamera za kumsaidia mwamuzi. Ana macho yake na kanuni. Mashabiki wakimtisha hata aogope kupuliza, watakaovunjwa miguu ni watoto wao wenyewe.